Mkoba Wenye Ua la Waridi

Kamembe nzima ilimjua Véronique, na nusu ya Kamembe ilimkimbia. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mdomo wake ulikuwa mtamu, uso wake laini, na marashi yake yalifika mahali kabla ya miguu yake. Lakini begani alibeba mkoba mweusi uliochapwa ua la waridi jekundu, na watu waliuona mkoba kabla ya kumwona yeye. Ulipotokeza tu upande wa stendi ya mabasi, wanawake wa sokoni waliinama ghafla kutafuta vitu chini ya meza zao, wengine wakaweka simu masikioni na kuanza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Siku moja mmoja wao aliishika simu juu chini. Véronique aliona, akampita akitabasamu, maana kutabasamu ni somo la kwanza ambalo kampuni ya vipodozi iliwafundisha wauzaji wake.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!" wauza viatu walimrushia.

Naye aliwajibu kwamba hata padri hujitembeza kwenda kwa wagonjwa. Walicheka sana. Hakuna aliyenunua hata kipande cha sabuni.

Zamani hakuwa na mkoba, alikuwa na beseni. Véronique ni mzaliwa wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, akaolewa upande huu na Jules, ambaye sasa anafanya kazi ya simenti huko Bugarama na hurudi nyumbani mwisho wa juma akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Kwa miaka mingi Véronique alivuka mpaka asubuhi na beseni la nyanya kichwani, na kando yake, hatua kwa hatua, alitembea Uwingabire. Huyo alikuwa mwenyeji wa Kamembe, mke wa dereva wa pikipiki aitwaye Hategekimana. Véronique alimfundisha Kiswahili cha Bukavu, Uwingabire akamfundisha Kinyarwanda, kila mmoja akiiharibu lugha ya mwenzake kwa furaha. Mvua ikinyesha walijibana chini ya mwavuli mmoja. Mchana walikula sahani moja, na aliyeshiba kwanza alimwachia mwenzake maharage ya mwisho, kisha wakagombania nani ayaache.

Jambo moja tu lilimnyima Uwingabire usingizi. Hakuwa amepata mtoto. Miaka ilipita, mama mkwe akaanza kuzungumza kwa mafumbo, na majirani kwa macho. Véronique ndiye aliyemsindikiza hospitali, ndiye aliyepiga naye magoti kanisani, ndiye aliyemfuta kamasi. "Siku utazala," alikuwa akimwambia, "uji wa kwanza nitakupikia mimi. Muntu mwingine asiguse ile sufuria." Uwingabire alicheka huku analia, na hivyo ndivyo walivyokuwa.

Kisha biashara ya mpaka ikaanza kuugua. Leo njia iko wazi, kesho hujui; leo wateja wana hela, kesho hata sura zao huzioni. Nyanya nazo hazijui kusubiri. Véronique alitupa beseni zima mara moja, akatupa mara ya pili, na mtaji ukaisha kimyakimya kama chumvi ndani ya maji. Uwingabire alipata kibanda kidogo cha kuuza vocha na mandazi karibu na kwake. Véronique alibaki amekaa. Watoto wanne walitaka kula, na maji yalikuwa yamemfika shingoni, ndipo alipotokea Charlotte.

Charlotte alikuwa na viatu virefu visivyopata matope, na hiyo peke yake, Kamembe, ni muujiza. Aliwaalika wanawake kwenye ukumbi, akawapa soda, akawaonyesha sabuni, krimu za uso, mafuta ya mwili na marashi. Hakuna duka, alisema, hakuna bosi. Unanunua kwa kampuni kwa bei nafuu, unauza mwenyewe mkononi, na ukileta wenzako nao wakauza, unapanda cheo. Halafu akauliza swali ambalo Véronique hakulisahau.

"Bamama, nani anakupenda? Simama, umutaje kwa sauti. Yule hawezi kukukatala."

Wanawake walisimama mmoja mmoja. Huyu alimtaja dada yake, yule shangazi yake. Véronique hakufikiri hata kidogo. Alisimama na kusema, "Uwingabire," na ukumbi mzima ukampigia makofi, naye akaona fahari, kama mtu anayetaja mali yake.

Hakukosea. Jioni ileile Uwingabire alinunua krimu ya uso bila kuuliza bei. Mwezi uliofuata alinunua sabuni na mafuta, na mwezi mwingine marashi. Véronique alipata nguvu. Alijua kusugua krimu nyuma ya kiganja cha mteja kwa kidole kimoja, polepole, huku akimuuliza habari za watoto. Alipanda cheo, akapewa saa ya mkononi mbele ya watu, akalia kwa furaha.

Ila kuna mambo ambayo hayasemwi ukumbini penye soda. Cheo kinakula. Kila mwezi lazima ununue mzigo wa kutosha ili usishushwe, uuze usiuze, na mzigo usiouzwa unalala chini ya kitanda chako mwenyewe. Kuna miezi Véronique alikuwa ndiye mteja wake mkubwa. Wanawe walinukia waridi na kulala na njaa kidogo. Aliowaleta kwenye biashara waliacha baada ya wiki chache, wakamnunia, na mmoja hadi leo hubadili upande wa barabara wakikutana. Na uso wake haukuwa tena uso wake, ulikuwa tangazo. Hakuweza kuugua chunusi kama wanawake wengine.

Baya zaidi ni kwamba alisahau kukaa na watu. Akialikwa harusini alitazama ngozi za wageni. Akienda msibani alijizuia, lakini macho yalimponyoka. Aliyezungumza naye alikuwa ama amenunua, ama atanunua, ama anamkwepa. Undugu ni kufaana, Charlotte alipenda kuwaambia, na Véronique aliusema msemo huo milangoni mwa watu mpaka ukapoteza ladha mdomoni mwake.

Hapo ndipo Uwingabire alipoanza kupotea. Kwanza alikuwa na haraka. Halafu kibanda kikawa kimefungwa kila Véronique alipopita, ingawa harufu ya mandazi ilikuwa bado hewani. Siku moja sokoni Véronique alimwona kwa mbali, upande wa vitenge, akamwita. Uwingabire aligeuka, akauona mkoba, akajichomeka katikati ya vitambaa akayeyuka. Lakini kabla hajayeyuka, Véronique aliona tumbo. Lilikuwa kubwa, la miezi mingi. Mungu alikuwa amemkumbuka.

Na unajua wazo la kwanza lililomjia kichwani? Kampuni ina mafuta ya kuondoa michirizi ya tumbo.

Alisimama palepale kati ya wauza nyanya, na kwa mara ya kwanza akajiogopa. Hiyo mimba waliilia pamoja miaka na miaka, na yeye ameikaribisha duniani kwa chupa ya mafuta. Jioni alitembea mpaka Cyangugu kando ya ziwa, akakaa juu ya jiwe akitazama nyumba za Bukavu zikiwasha taa ng'ambo. Kwa kawaida akikaa pale hutamani kwao. Siku hiyo hakutamani kwao. Alimtamani rafiki yake, aliye umbali wa kutembea tu.

Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo, akaendelea kuuza. Hakwenda kwake. Aliogopa mlango usifunguliwe, na alikuwa na hasira pia, maana anayekimbiwa naye ana moyo. Wiki zikapita. Ndipo Mukamusoni, muuza sambaza, alipomwambia huku akipima samaki, "Na wewe ulishaenda kwa Uwingabire? Alishazala, mwanamuke. Ni siku mingi sasa."

Véronique alisema ndiyo, alishakwenda. Uongo ulimtoka haraka ili aibu isionekane. Akabeba sambaza zake akaondoka, akasahau kuchukua chenji. Amejifungua, na mimi sikuambiwa! Soko zima limejua, muuza sambaza amejua, na mimi niliyepiga magoti sikuambiwa!

Usiku mmoja wa kugeukageuka kitandani ulitosha. Asubuhi aliamua kwenda *guhemba*. Ndivyo Wanyarwanda wanavyoita desturi ya kumtembelea mwanamke aliyejifungua na kumpelekea vya kumrudishia nguvu: unga wa uji, maziwa, ndizi. Mgeni wa guhemba hafukuzwi, hata kama mligombana jana. Lakini haendi mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mzazi ni aibu itakayosimuliwa mpaka mtoto aoe. Véronique alinunua unga wa mtama na maziwa, akajaza temosi, na hapo akakwama. Atavibebea wapi? Beseni aliliuza mtaji ulipoisha, na kikapu chake kilikuwa kimetoboka chini tangu enzi za nyanya. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini. Begi la Jules lilikuwa Bugarama na Jules. Chombo kimoja tu nyumbani kilikuwa na kitako imara.

Alimwaga krimu zote kitandani, akapanga unga na temosi ndani ya mkoba ule, akaligeuzia ua upande wa mbavu zake. Kampuni nayo haikuwa jinga: ua lilichapwa pande zote mbili.

Basi alishuka mtaani akiwa na mkoba uleule. Vichwa viliinama, simu zikapanda masikioni. Alitaka kupiga kelele kwamba leo hauzi, lakini nani angemwamini?

Uani kwa Uwingabire alimkuta mama mkwe, mzee Mukabaranga, akichambua mchele kwenye ungo. Mzee aliutazama mkoba, akautazama tena, akaweka ungo chini.

"Muzazi amelala," alisema.

Wakati huohuo Uwingabire alikohoa ndani, kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

"Maman, nimekuya kumuhemba," Véronique alisema. "Niko na unga."

"Unga wa uso?"

Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo waliangua kicheko. Véronique aliona machozi yakimkaribia, akapiga goti palepale, akaufungua mkoba na kutoa unga wa mtama, akauweka mbele ya mzee. Kisha temosi. Kisha akaugeuza mkoba juu chini na kuukung'uta. Hakuna kilichoanguka. Mukabaranga aliuchota unga kidogo kwa vidole, akaunusa, akaonja. Uso ukamlegea.

"Ni mutama wa kweli," alisema, na sasa aibu ilikuwa ya kwake. "Ingia, mwanangu. Utusamehe, tulishazoea."

Véronique alipika uji mwenyewe, jikoni kwa wenyewe, na hakuna mwingine aliyegusa sufuria. Haukuwa tena uji wa kwanza, na alilijua hilo kila alipoukoroga. Akamimina kwenye kikombe, akaingia.

Uwingabire alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, amekonda na kupendeza. Macho yake yalipita uso wa Véronique yakaenda moja kwa moja begani, kwenye ua la waridi.

"Véro, unisamehe," alisema. "Leo sina kitu."

"Sikukuya kuuza. Nimekuletea uji."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu utaniambia juu ya ngozi ya mutoto."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na ndiyo maana liliingia mpaka kwenye mfupa. Véronique aliweka kikombe chini. Akauvua mkoba, akautupa mlangoni, akakaa juu ya mkeka na kulia bila kujificha, uso wake wa tangazo ukiharibika wote.

"Juu ya nini haukuniita?" aliuliza. "Bote banajua, Uwingabire. Ata Mukamusoni! Mimi tu ndiye sikujua. Nilikukosea nini? Useme."

Uwingabire alimpangusa mtoto maziwa mdomoni. Kisha akamwambia avute katoni iliyokuwa chini ya kitanda.

Véronique aliivuta. Ndani mlikuwa na krimu ya uso, ile ya kwanza kabisa, na sabuni, na mafuta, na marashi, na kila kitu alichowahi kumuuzia, vyote vimepangwa vizuri. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Karatasi za nailoni bado zilikuwa zimebana vifuniko.

"Haukubipenda?"

"Sikubifungua, nitajua namna gani kama nabipenda?"

"Sasa ulikuwa unanunua bya nini?"

Uwingabire alimhamisha mtoto titi. Ilikuwa njia ya kutomtazama.

"Nilikuwa nanunua juu ukuye," alisema. "Zamani ulikuwa unakuya tu. Unaingia, unafunua sufuria, unakula, unalala hapo kwa mukeka. Kisha ukaanza kukuya na mufuko. Nikaona, siku nikinunua, unakaa, unacheka kama zamani. Siku sinunui, unaangalia saa, unasema bateja bananingoya. Nikajifunza. Nikawa nanunua. Kisha mimba ikakuya, franga yote ikaenda hospitali. Nikasema, Véro akinikuta sina kitu, ataenda mbio, na mimi nitabaki nalia. Afazali nisimuone kabisa."

Véronique alitaka kukana. Lakini alijiona mwenyewe kwenye chumba hiki, miezi iliyopita, akiinua mkono kutazama saa huku mwenzake akimwelezea jambo. Hakukumbuka jambo lenyewe lilikuwa nini. Labda lilikuwa hilohilo la mimba.

"Nilikuwa na hamu na wewe," alisema mwishowe. "Naapa. Ata nikiwa hapa, nilikuwa na hamu na wewe."

"Na mimi vilevile."

Mtoto tu ndiye aliyekuwa na la kusema, akinyonya kwa kelele. Baadaye Uwingabire akasukuma katoni kwa mguu.

"Bichukue. Biko bizima, ukauze tena. Batoto bako bakule."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na mzigo ule ungetosha kumwokoa Véronique asishushwe cheo. Moyo wake, Mungu amsamehe, uliruka. Na Uwingabire aliuona ukiruka, maana hakuna anayemjua mtu kama mtu aliyekula naye sahani moja.

"Hapana," Véronique alisema. Alirudisha katoni chini ya kitanda mwenyewe, akaisukuma mpaka ikagonga ukuta. "Kesho nitakuya tena. Nitakuletea ndizi. Na sambaza."

"Hapana."

"Sikuye?"

"Ukuye. Lakini usilete kitu. Ata ndizi moja. Ukuye na mikono tupu."

"Kwa muzazi? Maman Mukabaranga atanitukana!"

"Akutukane," Uwingabire alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mimi nataka kuona kama utakuya."

Kesho yake Véronique aliuza asubuhi, maana watoto hawali machozi. Aliuza sabuni kwa mke wa fundi cherehani na marashi kwa mtu aliyekuwa akimtongoza mtu. Charlotte alimpigia kumuuliza kuhusu mzigo wa mwezi, naye akamwambia ukweli, kwamba haupo, na cheo kiende kinakokwenda. Sauti ya Charlotte ilipoa papo hapo. Mchana aliacha mkoba nyumbani, akaacha na saa, akashuka.

Hujawahi kuona mwanamke mzima akihangaika na mikono yake kama yeye siku hiyo. Aliikunja, akaikunjua, akaishika mgongoni, akaiachia ining'inie. Watu walimwangalia na hakuna aliyeinama, hakuna aliyeshika simu. Wengine hawakumtambua mpaka alipowapita. Mukamusoni alimwita achukue sambaza ampelekee mzazi, atalipa siku nyingine, na ilibidi akatae, akaonekana mchoyo. Mara mbili alikaribia kugeuka anunue hata mkungu mdogo wa ndizi. Alikuwa na aibu mpaka masikio yalimwaka moto, na bado alikuwa anaenda mbio.

Uani, mzee Mukabaranga alimtazama mkono wa kulia, akamtazama wa kushoto, akageuka kutazama mgongoni kama kuna kitu amefungia huko. Hakuona kitu. Akaguna mguno mrefu wa wazee na kutema mate pembeni.

Véronique alipita, akasimama mlangoni, akabisha.

"Ni nani?" Uwingabire aliita kutoka ndani.

"Ni mimi. Véro."

"Umeleta nini?"

Majirani wote walikuwa wanasikiliza.

"Sikuleta kitu."

Akasikia kitanda kikilia, na nyayo za mzazi ambaye hakupaswa bado kusimama zikija mlangoni.

"Basi ingia," Uwingabire alisema. "Ingia mbio, mutoto anakungoya."